Kusoma Jenomu za Vimelea Kando ya Ziwa Victoria

Jenomu ni jumla ya maelekezo ya urithi ambayo kiumbe hubeba ndani yake na kuwarithisha wazao wake. Kwa bakteria, maelekezo hayo yamo katika DNA. Kwa virusi yamo katika DNA au RNA, kutegemea aina ya kirusi. Kusoma jenomu ni kujua mpangilio wa kemikali nne zinazojirudia kwenye uzi wa DNA, ambazo wataalamu huziandika kwa herufi A, C, G na T. Katika RNA nafasi ya T hushikwa na U. Kuichambua ni kazi ya pili, na aghalabu ndiyo ndefu zaidi: kulinganisha mpangilio wa kimelea kimoja na wa vingine ili kujua ni ndugu wa kipi, vilitengana lini, kimebeba sumu gani, na dawa zipi hazikiwezi.

Elimu hii ina mahali pake Mwanza. Kirumba, kata iliyo katika Manispaa ya Ilemela, ina soko la Mwaloni, ambako dagaa, sangara na sato kutoka visiwa na mialo ya ziwa hushushwa, hupimwa na kupakiwa kwenda Kongo, Rwanda, Burundi na mikoa ya bara. Wafanyabiashara wa nchi kadhaa wanapokutana kando ya maji yale yale, vimelea vyao navyo hukutana. Katika jiji hilo hilo, juu ya kilima cha Bugando, ipo hospitali ya rufaa ya kanda ambayo jina lake limeingia katika orodha ya majina ya bakteria duniani. Mengi yaliyodhaniwa juu ya asili ya magonjwa ya mwambao huu yamebadilika tangu herufi zianze kusomwa, na baadhi ya watu waliolaumiwa kwa muda mrefu wameonekana hawakustahili lawama hiyo.

Ukubwa wa jenomu na kasi ya kubadilika

Jenomu za virusi vingi ni fupi mno. Ya kirusi cha UKIMWI ina herufi zipatazo 9,700, ya kirusi cha Marburg karibu 19,000, na ile ya kwanza ya kirusi cha UVIKO-19 kutangazwa kutoka Wuhan ilikuwa na herufi 29,903. Bakteria wako mbali na hapo. Wa kifua kikuu ana herufi milioni 4.4. Wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ana milioni 4 zilizogawanyika katika kromosomu 2, jambo lisilo la kawaida kwa bakteria, kwani wengi wao hubeba kromosomu moja tu.

Ndiyo maana virusi vilitangulia kusomwa. Jenomu kamili ya kwanza ilikuwa ya kirusi kidogo cha RNA kinachoshambulia bakteria, kazi ya Walter Fiers na wenzake huko Ghent, Ubelgiji, mwaka 1976. Mwaka uliofuata Frederick Sanger wa Cambridge alitoa mpangilio wa herufi zipatazo 5,400 za kirusi kingine kinachoshambulia bakteria, na njia yake ikatawala maabara kwa zaidi ya miaka 20. Bakteria wa kwanza, Haemophilus influenzae, alisubiri hadi 1995: herufi milioni 1.83. Bakteria wa kipindupindu alifuata mwaka 2000.

Kila kimelea kinapozaliana hunakili jenomu yake, na katika kunakili hutokea makosa. Virusi vya RNA hukosea zaidi kwa sababu vingi havina njia ya kusahihisha. Kirusi cha UVIKO-19, ambacho kina usahihishaji wa kiasi, hupata takriban mabadiliko 2 kwa mwezi katika jenomu nzima. Tawi la kipindupindu linaloendesha milipuko ya sasa hupata mabadiliko kama 3 kwa mwaka. Makosa haya madogo ndiyo msingi wa elimu nzima, kwa kuwa yanarithiwa. Bakteria wawili wenye badiliko lile lile mahali pale pale, yaelekea wamelipata kwa mzazi mmoja. Ukihesabu tofauti zao, na ukijua kasi ya tawi lao, unaweza kukadiria mzazi huyo aliishi mwaka gani. Ukifanya hivyo kwa mamia ya sampuli, unapata mti wa ukoo wenye matawi na tarehe.

Bakteria hutatiza hesabu hii kwa tabia moja ambayo kwa wanyama ni nadra: hupokea jeni kutoka kwa majirani wasio ndugu zao. Huzipokea kwenye plasmidi, yaani viduara vya DNA vinavyohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, au kupitia virusi vinavyowaambukiza bakteria, ambavyo huitwa faji. Sumu inayomharisha mgonjwa wa kipindupindu hadi kukauka haikuanzia kwa bakteria mwenyewe. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu hiyo huletwa na faji aliyejipachika ndani ya jenomu ya Vibrio. Bakteria wa aina hiyo asiye na faji huyo anaweza kuishi majini maisha yake yote bila kuua mtu. Kwa hiyo kusema tu kwamba Vibrio cholerae yumo katika maji ya ziwa ni kusema jambo dogo. Swali ni kama amebeba jeni za sumu, na kama ni wa ukoo wa mlipuko.

Kutoka sampuli hadi herufi

Kazi huanzia kwenye kinyesi cha mgonjwa, damu, makohozi, usaha wa kidonda, au maji ya ziwa ndani ya chupa. Bakteria kwa kawaida huoteshwa kwanza kwenye sahani ya maabara ili kupata kundi moja safi. Virusi haviotei hivyo; jenomu yake hutolewa moja kwa moja kwenye sampuli, ile ya RNA hugeuzwa kuwa DNA, na mara nyingi huzidishwa kwa PCR vipande kwa vipande. Kisha mashine inasoma.

Mashine zinazotumika sana ni za namna mbili. Za Illumina husoma mamilioni ya vipande vifupi, vya herufi 150 hadi 300, kwa usahihi mkubwa. Za Oxford Nanopore hupitisha uzi wa DNA kwenye tundu dogo la protini na kupima jinsi mkondo wa umeme unavyobadilika kila herufi zinapopita. Vipande vyake huweza kufika maelfu ya herufi, ingawa makosa ni mengi zaidi. Ndogo kati ya hizo, MinION, hutoshea kiganjani na huchomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kifaa hiki kiliwezesha kusoma virusi karibu na wagonjwa wakati wa mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi mwaka 2015, na tangu hapo kimeingia katika maabara nyingi za ukanda wetu, ikiwemo ya taasisi ya SACIDS iliyoko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Vipande hivyo huunganishwa na programu ya kompyuta kwa kutafuta mahali vinapofanana ncha, au hupangwa juu ya jenomu ya mfano iliyokwisha kujulikana. Vipande virefu ni bora kwa plasmidi, kwa sababu plasmidi zimejaa mafungu yanayojirudia ambayo vipande vifupi haviwezi kuyavuka. Baadaye jeni hutambuliwa, hulinganishwa na hifadhidata za usugu wa dawa na za sumu, na mti wa ukoo huchorwa.

Watu huvutiwa na mashine, lakini kwa maoni yangu sehemu inayoamua mafanikio ni ile ya kabla ya mashine. RNA huharibika upesi katika joto. Sampuli iliyotoka kisiwani kwa mtumbwi, ikafika mwaloni saa nane mchana kwenye boksi ambalo barafu yake imekwisha, haiwezi kuokolewa na kompyuta yoyote. Na sampuli isiyoandikwa ilichukuliwa wapi na lini, hata ikisomeka vizuri, haina nafasi kwenye mti wenye tarehe.

Kipindupindu: mgeni au mkazi?

Swali la kipindupindu kimetoka wapi ni la zamani katika nchi za Waswahili. James Christie, daktari Mskoti aliyefanya kazi Zanzibar, alishuhudia mlipuko wa 1869 na 1870, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kikubwa juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Njia yake ilikuwa kuwahoji wasafiri, wafanyabiashara na watu wa misafara, akifuata ugonjwa nyuma kutoka Zanzibar hadi Pangani, na kutoka Pangani hadi nchi ya Wamasai na kaskazini zaidi. Hakuwa na bakteria mkononi, maana Robert Koch alikuwa bado hajamtambulisha kwa ulimwengu. Alikuwa na njia za biashara tu, na alizisoma kwa makini sana.

Karne moja na nusu baadaye swali lile lile lilijibiwa kwa herufi. Mwaka 2017 François-Xavier Weill wa Institut Pasteur, Paris, pamoja na wenzake wa nchi nyingi, walichapisha uchambuzi wa jenomu 1,070 za kipindupindu, zikiwa na sampuli kutoka nchi 45 za Afrika katika kipindi cha miaka 49. Ilionekana kwamba tangu 1970 ugonjwa huo uliingia Afrika si chini ya mara 11, kila mara kutoka tawi moja la mlipuko wa saba wa dunia, ambao mizizi yake iko Asia ya Kusini. Wengi walikuwa wameamini kwamba kipindupindu cha Afrika huzuka chenyewe kwenye maziwa na mito mvua zinapobadilika. Jenomu zilisema kwamba husafiri na watu.

Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ukaenea karibu mikoa yote, Mwanza ikiwemo, ulileta wagonjwa zaidi ya 30,000 kabla haujapungua. Mwaka 2019 timu hiyo ya Weill ilipochunguza kipindupindu kilichoitesa Yemen kuanzia 2016, ilikuta kwamba tawi la Yemen lilitoka Asia ya Kusini na lilikuwa limeshasababisha milipuko Afrika Mashariki kabla ya kuvuka kwenda kule. Pwani ya Afrika Mashariki na Uarabuni zimepelekeana watu na bidhaa kwa karne nyingi, na safari hii njia ile ile ya bahari imeonekana ndani ya herufi za bakteria.

Je, ziwa basi halina hatia? Hapa utafiti uliofanywa ziwani kwenyewe una la kusema, na ndio ninaouona wa thamani kuliko yote katika suala hili. Mwaka 2017, wakati ambao hapakuwa na mlipuko, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Copenhagen, wakiongozwa na Gildas Hounmanou, walikusanya sampuli 360 za maji, mimea midogo ya majini na samaki wa ukoo wa karpi, ukoo ambao dagaa wetu wamo, upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria. Walipowatafuta bakteria kwa kuotesha, sampuli 21 hivi katika kila 100 zilionyesha Vibrio cholerae. Walipopima DNA moja kwa moja baada ya kuzistawisha sampuli katika mchuzi maalumu, zilifika 69 katika kila 100. Tofauti hiyo ni kubwa na ina sababu: Vibrio akiwa katika maji yasiyomfaa hujikunyata, akabaki hai lakini asikubali kuota kwenye sahani.

Kati ya bakteria walioota, 10 walikuwa wa kundi la O1, lenye uwezo wa kuleta milipuko, na walibeba jeni za sumu. Jenomu zao zilipowekwa kwenye mti, walikaa kwenye tawi la mlipuko wa saba. Baadhi walitofautiana na bakteria waliotoka kwa wagonjwa wa Tanzania, Kenya na Uganda kwa herufi 3 tu katika milioni 4. Kwa kasi ya mabadiliko 3 kwa mwaka, huo ni undugu wa karibu sana. Wengine katika sampuli hizo walikuwa karibu zaidi na bakteria wa milipuko ya zamani ya ukanda huu, dalili kwamba walikuwa wamekaa majini muda mrefu baada ya wagonjwa wao kupona au kufa.

Tafiti hizi mbili hazipingani, ila zinapima muda tofauti. Kwa mizani ya miongo, kipindupindu ni mgeni aliyeletwa na wasafiri. Kwa mizani ya miaka michache, mgeni huyo akishafika hupata pa kukaa ziwani, kwenye magamba na matumbo ya samaki na kwenye ukijani wa majini, akisubiri chombo cha maji yasiyochemshwa. Mwenye mamlaka ya afya anayeshika nusu ya kwanza pekee atapima watu mpakani na kusahau maji. Anayeshika ya pili pekee atalaumu ziwa na kusahau vyoo. Uchafu wa jiji unaoshuka na mto Mirongo hadi ziwani unahusika katika pande zote mbili. Kwa mla dagaa habari ni njema: Vibrio hastahimili ukavu wala moto, na dagaa aliyeanikwa vizuri juani kisha akapikwa hana hatari hiyo. Hatari imo katika maji ya kunywa, mikono na samaki mbichi.

Bakteria aliyepewa jina la Bugando

Mwaka 2010 watoto wachanga katika wodi ya Bugando walipata maambukizi ya damu yaliyosababishwa na bakteria wa kundi la Enterobacter waliokuwa sugu kwa dawa kali zinazotegemewa, za jamii ya seftriaksoni. Watafiti wa Bugando, akiwemo Stephen Mshana, wakishirikiana na wenzao wa Giessen, Ujerumani, waliona kwamba bakteria hao hawalingani vizuri na spishi yoyote iliyojulikana. Vipimo vya kawaida vya maabara, vinavyotazama sukari ambazo bakteria huweza kuchachua na rangi zinazotokea, havikutosha kuamua.

Jenomu ndiyo iliyoamua. Kwa desturi, bakteria wawili huhesabiwa kuwa wa spishi moja kama herufi za sehemu zao zinazolingana zinafanana kwa asilimia 95 au 96 na kuendelea. Aina ya Bugando iliyopewa namba EB-247, iliyotoka kwenye damu ya mtoto mchanga, haikufikia kiwango hicho na ndugu yeyote. Mwaka 2016 ilitangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Enterobacter bugandensis. Jina hilo sasa hutumika popote bakteria huyo anapopatikana.

Na amepatikana mbali. Mwaka 2018 wanasayansi wa NASA walieleza aina 5 za Enterobacter zilizochukuliwa mwaka 2015 ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwenye eneo la choo na kwenye kifaa cha mazoezi. Walipolinganisha jenomu, zilikuwa za spishi ya Bugando, na EB-247 ya Mwanza ilikuwa miongoni mwa zilizotumika kama vipimo vya kulinganishia. Isidhaniwe kwamba bakteria alitoka wodini Mwanza akapanda angani. Spishi hii imeenea duniani, na katika hospitali za nchi nyingine bakteria huyo alikuwa akihesabiwa kwa jina la ndugu zake. Mwanza ndipo alipotambulika kwanza, kwa sababu palikuwa na watu waliojali kuuliza ni kitu gani hasa kinawaua watoto.

Usugu wa bakteria wale ulitoka kwenye jeni iitwayo CTX-M-15, ambayo hutengeneza kimeng'enya cha kukata molekuli ya dawa kabla haijafanya kazi. Ukoo wa jeni za CTX-M ulianzia kwenye kromosomu ya Kluyvera, bakteria wa mazingira asiye na madhara makubwa, ukahamia kwenye plasmidi na kutoka hapo ukaenea. CTX-M-15 yenyewe iliripotiwa mara ya kwanza kwa bakteria kutoka India. Bugando imeikuta pia kwa Escherichia coli na Klebsiella wa wagonjwa wake. Jambo la kushika hapa ni kwamba mlipuko wa wodini unaweza kuwa wa bakteria, ambapo ndugu wa karibu wanapita kitanda hadi kitanda, au wa plasmidi, ambapo bakteria ni wa koo mbalimbali lakini wamepeana kiduara kimoja. Kwa kipimo cha kawaida hali hizo mbili zinafanana kabisa. Dawa yake ni tofauti: ya kwanza huelekeza kutafuta ndoo, mashine au mikono inayobeba bakteria mmoja, ya pili huelekeza kwenye wingi wa dawa zinazotumika, zinazowapa nafasi wote wenye plasmidi hiyo.

Virusi vya mwambao

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walikuwa mkoani Kagera mwaka 1983, na mwaka mmoja kabla ya hapo ugonjwa ulikuwa umeripotiwa Kasensero, kijiji cha wavuvi upande wa Uganda. Tangu hapo mvuvi wa Ziwa Victoria amebeba sifa mbaya. Katika baadhi ya vijiji vya wavuvi vya Rakai, nchini Uganda, karibu watu wazima 4 kati ya 10 wameishi na VVU, na ikachukuliwa kuwa vijiji hivyo ndivyo vinavyomwaga maambukizi bara.

Mwaka 2020 Oliver Ratmann, Kate Grabowski na wenzao walichapisha uchambuzi wa jenomu za VVU kutoka Rakai, za wakazi wa ufukweni na wa bara. Virusi hubadilika ndani ya kila mgonjwa, na ukisoma kwa kina aina nyingi zilizomo katika mtu mmoja unaweza kukadiria mwelekeo wa maambukizi kati ya makundi. Mwelekeo ulikuwa kinyume cha dhana: maambukizi yaliyotoka bara kwenda ufukweni yalikuwa karibu mara 3 ya yaliyotoka ufukweni kwenda bara, na sehemu kubwa kabisa yalitokea bara kwa bara. Wavuvi walikuwa wakipokea zaidi ya walivyotoa. Matokeo haya yanastahili kujulikana katika kila mwalo wa ziwa hili, Kirumba ikiwa mmojawapo, kwa sababu lawama huwafanya watu wakwepe kupima.

Marburg ni habari nyingine. Imeibuka mara mbili Kagera: Bukoba, ilikotangazwa Machi 2023, ambako watu 9 waliugua na 6 wakafa, na Biharamulo, Januari 2025, ambako wote 10 waliothibitishwa au kudhaniwa kuwa nao walifariki. Kirusi hiki huishi kwa popo walao matunda wanaokaa mapangoni. Kinachoulizwa kila kinapozuka ni kama popo wameambukiza watu mara nyingi au mara moja, na jenomu hujibu kwa wingi wa tofauti. Huko Rwanda mwaka 2024, kati ya watu 66 waliougua, jenomu zilizosomwa Kigali zilikaribiana kiasi cha kuonyesha kwamba kirusi kilitoka kwa popo mara moja tu, kisha kikapita mtu kwa mtu, wengi wao wahudumu wa afya. Jibu la namna hiyo hupeleka nguvu kwenye glavu na wodi badala ya kwenye pango.

Kamituga, mji wa wachimba dhahabu wa Kivu Kusini, ulitoa somo lingine. Mpox iliyozuka huko Septemba 2023 ilisomwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Kongo, na ikaonekana ni tawi jipya lililojaa aina ya mabadiliko ambayo kimeng'enya cha binadamu huyaacha kwenye DNA ya kirusi, alama ya kuambukizana mtu kwa mtu. Tawi hilo pia lilikuwa limepoteza kipande cha jenomu ambacho kipimo kimoja cha PCR kilikitegemea, hivyo kipimo kikawa kipofu kwa kirusi chenyewe. Hilo lisingejulikana bila kusoma jenomu nzima. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa, na Machi 2025 Tanzania ikathibitisha wagonjwa wake wa kwanza.

Kwa UVIKO-19, Tanzania iliacha kutangaza takwimu Mei 2020. Februari 2021 wasafiri 3 waliotoka Tanzania walipimwa walipoingia Angola, na virusi vyao viliposomwa na mtandao wa Tulio de Oliveira wa Afrika Kusini vilikuwa na mabadiliko mengi kuliko vingi vilivyojulikana wakati huo. Wakati ule ule Kilifi, Kenya, na Entebbe, Uganda, zilikuwa zikisoma virusi vya wananchi wao wenyewe. Entebbe ilitambua aina ya A.23.1 na kuifuatilia ikienea nchini mwao. Nchi isiyosoma vimelea vyake husomewa na wengine, na husomewa kwa kuchelewa.

Mipaka ya ushahidi

Mti wa ukoo hauoni sampuli ambazo hazikuchukuliwa. Ikiwa Kenya imesoma jenomu 1,000 na nchi jirani 10, ugonjwa utaonekana umetoka Kenya hata kama ulianzia kwingine. Undugu wa karibu kati ya virusi vya watu wawili hauthibitishi kwamba mmoja alimwambukiza mwenzake, kwa kuwa wa tatu asiyepimwa anaweza kuwa kati yao. Ndiyo maana watafiti wa VVU hutoa hesabu za makundi na kuficha watu binafsi. Jeni ya usugu ikionekana, bado inabidi dawa ijaribiwe kwenye sahani, maana jeni inaweza kuwepo na isifanye kazi.

Mpaka mwingine ni wa vifaa. Kemikali za kusomea huagizwa kutoka ng'ambo, hukaa kwenye baridi, na muda wake wa matumizi ni mfupi. Zikicheleweshwa bandarini zinaharibika. Mpango wa jenomu za vimelea wa Africa CDC ulioanzishwa Oktoba 2020 ulileta mashine katika nchi nyingi za bara hili. Mashine isiyo na kemikali wala mtu wa kuandika programu za uchambuzi hukaa kimya, na mtu huyo huchukua miaka kumwandaa. Kama ningeulizwa fedha iwekwe wapi Mwanza, ningesema kwa mtu huyo na kwa boksi la barafu linalofika salama kutoka kisiwa cha Ukerewe.

Virusi vya samaki

Samaki nao huugua. Kirusi cha ziwa cha perege, kilichoelezwa mara ya kwanza huko Israel mwaka 2014, huua samaki wa jamii ya sato kwenye mabwawa ya nchi nyingi. Jenomu yake, iliyosomwa kikamilifu mwaka 2016, ni RNA iliyogawanyika vipande 10, na 9 kati yake havikufanana na chochote katika hifadhidata. Kimoja tu kilikuwa na undugu hafifu na kirusi cha mafua. Mwaka 2018 kilitangazwa kuonekana kwa PCR katika sato wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa ziwani, wakiwa hawana dalili za ugonjwa. Ufugaji wa sato kwenye vizimba sasa unaenea katika ghuba za Mwanza, na vifaranga husafirishwa kutoka kituo hadi kituo. Virusi viwili vya aina hii vikikutana ndani ya samaki mmoja vinaweza kubadilishana vipande, na mti uliochorwa kwa kipande kimoja ukatofautiana na wa kipande kingine. Anayetaka kujua kirusi cha vizimba kimetoka ziwani au kwenye kituo cha vifaranga itambidi asome vipande vyote 10, kutoka kwa samaki wa pande zote mbili.